Mraibu aliyevaa tai: Siri inayofichwa maofisini

MTU akitaja mraibu wa mihadarati, picha inayotujia akilini ni ya kijana aliyekonda, nguo zimemchakaa, akisinzia katika kichochoro cha Mombasa au Malindi. Ni nadra sana kumfikiria daktari mwenye koti jeupe, wakili anayetetea kesi mahakamani, mhasibu au rubani.

Ilhali uraibu haubagui vyeo. Utafiti wa mwaka wa 2022 uliofanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kampeni Dhidi ya Pombe na Mihadarati (NACADA) ulibaini kwamba mtu mmoja kati ya kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 humu nchini alikuwa akitumia pombe, tumbaku au dawa nyingine ya kulevya. Hao ni zaidi ya watu milioni 4.7. Haiwezekani kwamba wote wanalala vichochoroni. Wengi huamka alfajiri, wakafunga tai na kwenda kazini.

Historia ina ushahidi wa jinsi siri hii inavyoweza kudumu. Mnamo 1884, daktari mpasuaji William Halsted wa New York alianza kujidunga kokeini ili kuchunguza uwezo wake wa kufisha ganzi. Yeye na wenzake kadhaa wakatekwa nayo. Alipolazwa hospitalini kutibiwa, aliishia kutumia mofini.

Hata hivyo, Halsted aliteuliwa kuongoza upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore, akaanzisha matumizi ya glavu za mpira katika chumba cha upasuaji na kubuni mfumo wa kufunza madaktari wapasuaji. Alifariki mwaka wa 1922. Ni mnamo 1969, maandishi ya siri ya mwenzake William Osler yalipofunguliwa, ndipo ulimwengu ulipofahamu kwamba aliendelea kutumia mofini kwa miaka mingi akiwa kileleni mwa taaluma yake.

Je, ni vipi msomi anayejua madhara ya dawa hizi huingia mtegoni? Kwanza, wengi hawaanzi kwa kutafuta starehe. Mmoja hutaka kukesha ili amalize kazi, mwingine hutafuta usingizi baada ya zamu za usiku, na wa tatu hutuliza maumivu ya mgongo. Punde si punde anatumia cha kumchangamsha mchana na cha kumlaza usiku.

Pili, kuna urahisi wa kupata. Wahudumu wa afya hushika pethidini, mofini na fentanili kila siku. Fentanili ina nguvu takriban mara 100 kuliko mofini, hivyo kosa dogo la kipimo huua. Aidha, ujuzi wenyewe humdanganya mhusika: anayepimia wagonjwa dawa kila siku huamini kwamba hawezi kushindwa kujipimia yeye.

Tatu, mshahara humfunika. Maskini aliyetekwa na heroini hulazimika kuiba mapema, naye hukamatwa mapema. Mwenye kipato hununua kimyakimya kwa miaka mingi bila kuulizwa na yeyote.

Jambo lisiloeleweka na wengi ni kwamba ubongo huizoea dawa. Kipimo kilichomlewesha mtu mwanzoni hakimtoshi tena, naye huongeza. Hatimaye haitumii ili alewe, bali ili awe sawa kama watu wengine. Ndiyo maana mraibu wa aina hii haonekani mlevi anapotumia. Huonekana mgonjwa anapokosa. Hapo mikono hutetemeka, jasho humtoka, kamasi humchuruzika, na hasira zikawa karibu.

Isitoshe, kazi ndiyo huwa ya mwisho kuharibika, kwa kuwa ndiyo inayogharamia uraibu. Hutangulia ndoa, zikafuata fedha, kisha afya. Mwajiri anapogundua, nyumba imekwisha kuteketea.

Zipo dalili ambazo mara nyingi hudhaniwa kuwa bidii. Mhudumu wa afya anayeng'ang'ania zamu za ziada za usiku, asiyetaka kamwe kwenda likizo, au anayejitolea daima kuwadunga wagonjwa wa wenzake dawa za maumivu, huenda hataki kutenganishwa na kabati la dawa. Wagonjwa wake wanapoendelea kulia kwa maumivu ilhali daftari linaonyesha wamedungwa, kuna jambo.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mnamo 2013, mahakama nchini Marekani ilimfunga miaka 39 mhudumu wa hospitali katika jimbo la New Hampshire aliyekuwa akiiba sindano za fentanili, akijidunga, kisha kuzirejesha zikiwa zimejazwa maji ya chumvi. Zaidi ya wagonjwa 40 waliambukizwa homa ya ini aina ya C. Walikuwa wamekwenda kutibiwa.

Mbona basi watu wananyamaza? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 44, humruhusu mwajiri kumfuta mara moja mfanyakazi aliyelewa kazini kiasi cha kushindwa kutekeleza wajibu wake. Mtaalamu naye huhofia leseni yake. Wenzake, kwa kumwonea huruma, humwekea sahihi, humshikia zamu na kumtungia visingizio. Wanadhani wanamwokoa, kumbe wanamrefushia njia ya kaburini.

Adhabu pekee haijaleta tiba popote. Marekani ilianza katika miaka ya 1970 kuunda mipango maalumu ambapo daktari mraibu huondolewa kazini kwa muda, akatibiwa, kisha akarudi huku akipimwa mkojo kwa miaka kadhaa. Utafiti kuhusu madaktari 904 uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano, karibu 8 kati ya kila 10 waliofuatiliwa walikuwa na leseni na wanafanya kazi. Ni matokeo ambayo waraibu wengi wa kawaida hawayapati, na siri yake ni mambo mawili: tiba ya muda mrefu, na kazi ya kurejea.

Hapa kwetu, tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza katika hospitali ya Mathari mnamo Desemba 2014. Lakini mgonjwa huhitajika kufika kliniki kila siku, na si rahisi kwa afisa anayejulikana kupanga foleni hiyo. Waajiri wanaweza kuanza kwa kutangaza waziwazi kwamba anayejitokeza mwenyewe atapewa likizo ya matibabu, ilhali anayekaidi tiba ndiye atakayekabiliwa na sheria.

Kwa anayesoma haya akijitambua, tahadhari moja: usiache ghafla pombe au vidonge vya kutuliza wasiwasi kama vile diazepamu ikiwa umevitumia kwa muda mrefu, kwani kifafa kinaweza kukuua. Mwone daktari akupunguzie polepole. Nambari ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mraibu aliyeshika kisu cha upasuaji au usukani wa ndege, kifo hicho huenda kisiwe chake mwenyewe.