Uuguzi Baada ya Miaka 35: Piga Hesabu Kwanza



Katika viwanda vya Bujumbura na kwenye mashamba ya chai na michikichi, swali hili linaulizwa: mtu aliyekwisha kupita miaka 35 akisomea uuguzi, ataajiriwa? Swali hili limebeba karo na chakula cha watoto. Tulijibu kwa hesabu.

Kazi ya kuuguza ipo. Mwezi wa Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua, na vituo vya afya vikajaa watu. Shirika la Afya Duniani nalo lilihesabu kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.9. Lakini upungufu si ajira. Mgonjwa anamhitaji muuguzi, ila anayemlipa ni serikali au mwenye kliniki, naye huajiri kwa kadiri ya fungu lake la fedha. Ndiyo maana wodi ina wauguzi wachache, na huku wenye diploma wamekaa nyumbani.

Foleni ikiwa ndefu, mwajiri hutafuta njia ya kuifupisha, na umri ni njia rahisi. Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Matangazo ya kazi za serikali huko husema mwombaji asizidi miaka 45. Watumishi wengi hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, na pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 katika 60: zinabaki 45.

Tuchukue kipimo hicho. Mfanyakazi wa miaka 38 akisoma miaka 3 na kusubiri kazi miaka 2, atakuwa na 43. Bado anapita. Akianza na 42, atafika na 47, na mlango huo umefungwa.

Basi kabla ya kulipa karo, fanya haya:

1. Nenda INSS, uombe hesabu ya miezi uliyochangiwa. Usiitupe miaka yako ya kiwandani.

2. Hakikisha diploma ya shule hiyo inatambuliwa na wizara ya afya, na ujue kama ni ya A2 au A1. Cheo hufuata diploma.

3. Zungukia zahanati za misheni na kliniki za watu binafsi, uulize wanaajiri watu wa umri gani.

4. Ukiweza kusoma bila kuacha kazi, usiiache.

Kwa upande wa sendika, tukumbuke Pendekezo namba 162 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1980. Linataka wafanyakazi wenye umri mkubwa wasibaguliwe katika ajira wala mafunzo. Halimfungi mwajiri kama sheria, lakini tunaweza kuliweka mezani wakati wa majadiliano. Aliyefanya zamu za usiku miaka 15 anajua kukesha na kutii saa, na wodi inahitaji watu wa namna hiyo.

Ndugu, ukikataliwa kwa sababu ya umri, omba jibu kwa maandishi, ulilete kwenye chama. Neno la mdomo halina ushahidi.