Utando wa Damu ya Mgonjwa Mwenyewe katika Kuponya Tundu la Jino Lililong'olewa

Jino linapong'olewa, tundu linalobaki katika mfupa wa taya hujaa damu, na damu hiyo huganda baada ya dakika chache. Bonge hilo, ambalo wagonjwa wengi hulidhania kuwa uchafu wa kutemwa, ndilo kifuniko cha kwanza cha kidonda. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya nne huanza maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, yakiambatana na harufu mbaya kinywani. Hali hii huitwa tundu kavu. Huwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji wa gego la mwisho la taya la chini, hasa wavutaji wa sigara.

Ndani ya bonge hilo zimo chembe sahani. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo 150,000 hadi 450,000. Kazi yake haiishii katika kuzuia damu isitoke, kwani hubeba pia vichocheo vya ukuaji vinavyoita seli za uponyaji na kuchochea mishipa mipya ya damu. Kwa hiyo wataalamu walijiuliza: je, tukizikusanya kwa wingi na kuzirudisha kidondani, kidonda hakitapona vizuri zaidi?

Mwaka 1998 Robert Marx na wenzake, nchini Marekani, walichapisha kazi yao juu ya plazima yenye chembe sahani nyingi katika upandikizaji wa mfupa wa taya. Njia hiyo ilihitaji dawa ya kuzuia damu isigande, kisha dawa nyingine ya kuigandisha. Mwaka 2001 Joseph Choukroun wa Ufaransa alileta njia nyepesi zaidi isiyoongeza dawa yoyote. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa, kwa kuwa ndiyo inayoweza kufanyika katika kliniki ya kawaida.

Mgonjwa hutolewa damu mkononi, mililita 10 hivi kwa kila tyubu, ambayo ni ya kioo na haina dawa ndani yake. Tyubu yenye kifuniko cha zambarau, tuliyoizoea kwa kipimo cha picha kamili ya damu, haifai kabisa, kwa sababu dawa iliyomo huzuia damu kuganda. Tyubu huwekwa mara moja katika mashine ya kuzungushia damu. Utaratibu wa awali uliozoeleka ni mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa muda wa dakika 12. Anayechelewa dakika kadhaa hukuta damu imekwisha kuganda ovyo, na hapo hakuna la kufanya ila kutoa nyingine. Mambo yakienda sawa, chembe nyekundu hukaa chini, maji ya damu juu, na katikati bonge la manjano la fibrini lililonasa chembe sahani. Bonge hilo hukandamizwa taratibu likawa utando, huingizwa katika tundu, na fizi hushonwa juu yake. Utando huendelea kutoa vichocheo vyake kwa siku 7 au zaidi.

Wagonjwa huuliza kama damu hiyo ni ya mtu mwingine. Sivyo. Lakini jibu hilo ni la kweli pale tu tyubu inapoandikwa jina na namba kabla mgonjwa hajaondoka kitini. Mashine moja ikizungusha damu za watu wawili bila alama, tumefungua mlango wa kuambukizana homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Kwangu, hatua hii ni kubwa kuliko kasi ya mashine.

Je, utando huu unasaidia kiasi gani? Kwa magego ya mwisho ya chini, tafiti nyingi zinaonyesha kuwa maumivu hupungua, fizi hufunga vizuri zaidi na tundu kavu hutokea kwa uchache. Kuhusu mfupa, matokeo yanapingana. Tunajua kuwa ukingo wa taya hupoteza takriban nusu ya upana wake katika miezi 12 baada ya kung'oa, na theluthi mbili ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Kumwahidi mgonjwa kwamba utando pekee utauzuia ni kumuuzia matumaini. Wala sioni sababu ya kumtoza gharama hiyo mtu aliyeng'olewa jino la mbele lililokuwa likilegea, asiye na hatari yoyote ya pekee.

Anayetumia warfarini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze daktari mapema, maana hata bonge lake laweza kuchelewa kuganda.

Uwe na utando au usiwe nao, katika saa 24 za kwanza usisukutue, hata kwa maji ya chumvi, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, wala usivute sigara. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yaanze kesho yake, polepole. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi kliniki siku hiyohiyo: tundu litaoshwa na kuwekwa dawa ya kutuliza, jambo ambalo antibayotiki za dukani haziwezi kulifanya.