Barafu ya Vostok: maadui wa Vita Baridi walipohitajiana

Mwisho wa mwaka 1984, ndege ya Marekani ilitua juu ya barafu kwenye kituo cha Vostok, katikati ya bara la Antaktika. Kituo ni cha Wasovieti, na waliotoka ndani ya ndege ni watafiti Wafaransa, akiwemo Claude Lorius. Wakati huo Washington na Moscow walikuwa wanaelekezeana makombora ya nyuklia.

Vostok si mahali pa kutembelea. Julai 1983, kipimajoto cha kituo hicho kilionyesha nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Wafaransa walifuata barafu. Theluji ya kila mwaka inagandamizwa na ile inayoanguka juu yake, na hewa ya wakati ule inabaki imefungwa ndani kama mapovu madogo. Lorius alisimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1965, alipoweka kipande cha barafu ya zamani ndani ya glasi ya wiski na kuona mapovu yakipasuka.

Hakuna nchi iliyokuwa na vyote. Wasovieti walikuwa na shimo la zaidi ya mita 2,000, walilochimba kwa miaka mingi. Wafaransa walikuwa na maabara ya Grenoble, Wamarekani na ndege. Tusidanganyane: haukuwa urafiki. Kila serikali ilikuwa na hesabu yake.

Mwaka 1987 matokeo yakatoka: kwa miaka 160,000, joto na hewa ya kaboni vilipanda na kushuka pamoja. Mwaka 1998 shimo lilifika mita 3,623, na mwaka uliofuata historia hiyo ikarudishwa nyuma mpaka miaka 420,000. Katika muda huo wote kaboni haikupita sehemu 300 kwa milioni moja ya hewa. Leo imepita 420.

Mlango ulifunguliwa na Mkataba wa Antaktika, uliotiwa sahihi Desemba 1959 na nchi 12. Kutoka Afrika ilikuwemo Afrika Kusini peke yake. Ubelgiji nayo ilitia sahihi, miezi saba tu kabla ya Kongo kupata uhuru.

Upande wa Kaskazini hauna mkataba kama huo. Baraza la Aktiki lina nchi 8, na Urusi peke yake ina karibu nusu ya pwani yote. Machi 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, nchi nyingine 7 zilisimamisha kazi zao nayo.

Huko Siberia kuna ardhi iliyoganda tangu maelfu ya miaka, yenye kaboni nyingi inayoanza kutoka kadiri inavyoyeyuka. Januari 2024, jarida la Nature Climate Change lilitoa utafiti kuhusu vituo vya Aktiki. Hata kabla ya vita, vituo hivyo havikuonyesha vizuri hali ya eneo zima. Vya Urusi vikiondolewa, picha inapotoka zaidi, na hasa kwa upande wa misitu ya Siberia.