Vespa ya Ami na Chupa ya Oili

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpenzi msomaji, ufa wangu mimi ulikuwa mililita 100 tu za oili, na ukuta wake niliujenga gerejini Jumamosi saba mfululizo. Katika makala haya nitaeleza jinsi pikipiki ya Kiitaliano iitwayo Vespa inavyotunzwa na kubadilishwa. Kosa langu pia sitalificha, kwa maana ndilo lililonifundisha.

Tuanze na asili yake. Vespa ni neno la Kiitaliano lenye maana ya nyigu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, kilikuwa kikiunda ndege, nacho kikabomolewa kwa mabomu. Vita vilipokwisha watu walihitaji chombo rahisi cha kusafiria. Kazi ya kukibuni akapewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye mwenyewe hakuzipenda pikipiki. Hati ya kulinda ubunifu huo iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Vespa ya kwanza ilikuwa na injini ndogo ya sentimita 98 za ujazo.

Ukiitazama vizuri utaona mkono wa mtu wa ndege. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege. Mwili wote ni bati la chuma lililokunjwa, wala hauna fremu ya mabomba. Injini imefunikwa na kushikamana na gurudumu la nyuma, kwa hiyo hakuna cheni. Mbele ya kiti pana nafasi ya kupitisha miguu, na mtu mwenye kanzu nyeupe hufika msikitini bila doa la grisi. Sidhani D'Ascanio aliwawazia watu wa Mombasa, lakini alitufaa sana.

Ami yangu ana Vespa PX ya 150, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1977. Kila alfajiri huitumia kupeleka mahamri na mikate kwenye vibanda vya chai kule Kongowea. Jioni baada ya swala ya alasiri huiegesha barazani kwetu Kibokoni, pamoja na za wenzake wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu mwenye vespa ya miaka ya 1960. Wa pili ni mshona kanzu, na yake iliundwa India kwa kibali cha Waitaliano. Kahawa ikishamiminwa, vita huanza.

"Shekhe, hiyo yako ni kelele tu," mwalimu humwambia ami. "Yangu mimi nikiipiga kiki hata paka haamki."

"Ataamkaje na haijawaka!" ami hujibu.

"Bishaneni tu," asema mshona kanzu. "Mimi kila asubuhi nawapita mnasukuma."

Siku moja kijana wa bodaboda alipita akawaambia, "Wazee, hizo pelekeni Fort Jesus zikawekwe makumbusho!" Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mwaka huu umebadilisha cheni mara ngapi?" Kijana akacheka akaenda zake.

Sasa tuingie katika injini yenyewe. Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa chini, mbali na petroli. Vespa ya ami ni ya mipigo miwili. Petroli huingia kwanza tumboni mwa injini ndipo ipande kwenye silinda kuchomwa, na oili ya kulainisha pistoni lazima ije imechanganywa na petroli hiyo hiyo. Kipimo cha PX ni asilimia 2, yaani mililita 100 za oili kwa kila lita 5 za petroli. Ziko PX zenye pampu ya kuchanganya zenyewe. Ya ami haina. Mtu ndiye pampu.

Matunzo mengine si magumu, ila yanataka mazoea. Nitayataja machache.

Kwanza ni plagi. Ifungue uitazame ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, injini ina afya. Ikiwa nyeupe, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, nayo inachemka mno. Ikiwa nyeusi tena imelowa, petroli au oili imezidi. Isugue kwa brashi ya waya, na nafasi ya cheche iwe milimita 0.6 hivi.

Pili ni oili ya gia, ambayo ni tofauti na ile ya petroli. Ni mililita 250 tu, nayo hulainisha gia na klachi pamoja.

Tatu ni magurudumu. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, hivyo unaweza kubadilisha tiubu bila kuhangaika na vyuma vya kubanjulia tairi. Lakini angalia sana! Toa upepo wote kabla ya kufungua nati hizo. Ukizifungua tairi likiwa limejaa, rimu itaruka na kukuumiza vibaya.

Nne ni kutu. Sisi wa pwani upepo wetu una chumvi, na kwa kuwa vespa haina fremu, bati likioza chombo chote kimeoza. Ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na uchungulie chini ya sakafu ya miguu, maana ndipo maji hujificha.

Mwaka jana ami alichoka kupanda mlima polepole na masanduku ya mikate. Akampelekea fundi wa jua kali amwekee silinda kubwa zaidi. Hesabu yake ni ile tuliyosoma darasani ya ujazo wa mcheduara. Pistoni ya zamani ina kipenyo cha milimita 57.8 na husafiri milimita 57, ambayo ni sentimita 150 za ujazo hivi. Ile mpya ina kipenyo cha milimita 63 na safari ni ile ile. Piga hesabu utapata 177 na ushei.

Lakini mdomo ukipanuliwa, chakula nacho kiongezwe. Ndani ya kabureta mna jeti, kijitundu kinachopimia petroli. Nambari 100 maana yake tundu la milimita moja kamili. Fundi aliiondoa hiyo akaweka kubwa kidogo, kwa sababu silinda kubwa yenye petroli haba hupata moto kupita kiasi. Tena akamwonya ami asikimbize injini kilomita 500 za mwanzo, ili pistoni na silinda zizoeane.

Yote yalikwenda sawa mpaka Jumapili moja ami aliponituma nitie petroli. Kazi yangu ilikuwa kumimina oili kwanza, kisha petroli. Pale kituoni nikakutana na rafiki yangu, tukashikana na habari za mpira. Petroli ikaingia lita 5. Chupa ya oili ikabaki mkobani.

Kesho yake alfajiri, juu ya daraja la Nyali, injini ilikaba ghafla na gurudumu la nyuma likaburura. Pistoni ya alumini hutanuka haraka kuliko silinda ya chuma, na bila utando wa oili kati yao hung'ang'aniana. Ami aliwahi kubana klachi, gurudumu likawa huru, akaikokota hadi kando. Nyuma yake palikuwa na matatu. Mpaka leo nikiikumbuka matatu hiyo mwili hunisisimka.

Fundi alifungua silinda, akaona pistoni imechanika michirizi. "Imenoki," akasema. Ami akapandisha sauti: "Ni jeti yako! Umeiweka ndogo!" Fundi akaapa kwamba sivyo. Ami akakataa kumlipa deni lililobaki, na barazani wazee wote wakasema fundi huyo si fundi. Mimi nilikuwa papo hapo nikigawa kahawa. Nilikuwa nimeshaiona ile chupa imejaa vilevile, na nimeshaificha chini ya kitanda.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu niliitoa chupa nikaiweka mbele ya ami bila kusema neno. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Chukua viatu vyako. Twende ukamwambie mwenyewe."

Nilimwambia fundi mbele ya wateja wake. Ami akamwomba radhi na kumlipa. Silinda ikachongwa, ikatiwa pistoni na ringi mpya, na wiki mbili mahamri yalipelekwa kwa mkokoteni, nami nikisukuma kabla ya kuja shule. Gharama sikuwa na uwezo nayo, kwa hiyo nililipa kwa kazi: zile Jumamosi saba za kuosha spea na kushika taa. Mengi niliyoandika hapa nimeyapata huko, kwa mtu niliyemwacha asingiziwe.

Wanachama wenzangu, chombo chochote kinaweza kuongezewa nguvu, ila kila unachoongeza kinadai kitu kingine nacho kiangaliwe. Na kikiharibika, usikimbilie kumlaumu fundi kabla hujaikagua mikono yako.

Siku hizi nikipita barazani mwalimu huniita, "Mwanafunzi! Hiyo kahawa umeitia oili?" Wote huangua kicheko, na ami hucheka kuwashinda. Nami humjibu, "Asilimia mbili, mwalimu."