Bingwa wa Mwaka wa Vita

Sogeeni karibu, wajukuu. Nyinyi wa Kisoko mnaocheza mpira wa majani ya migomba hadi giza linaingia, na nyinyi wa Busia mnaovuka mpaka kwenda kushangilia mechi upande wa pili, hadithi hii inawahusu. Leo hakuna sungura wala fisi. Ni mambo yaliyotokea kweli.

Machi 1978 Ghana iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Uganda ilikwenda huko na kocha Peter Okee, na nahodha wake alikuwa Jimmy Kirunda, beki wa ajabu aliyefunga mabao 32 kwenye ligi mwaka huohuo. Cranes, yaani timu hiyo ya taifa ya Uganda, waliichapa Congo 3-1, wakafungwa na Tunisia 3-1, kisha wakaitandika Morocco 3-0. Nusu fainali wakaitoa Nigeria, 2-1. Philip Omondi, mshambuliaji wa KCC, klabu ya manispaa ya Kampala, akawa miongoni mwa wafungaji bora kwa mabao yake 3. Fainali ikapigwa Accra, Opoku Afriyie wa Ghana akafunga mawili, na Uganda ikashika nafasi ya pili. Hadi leo haijafika juu zaidi ya hapo.

Nyumbani, ligi ya 1978 ilichukuliwa na Simba. Msidhani ni ile ya Dar es Salaam. Hii ilikuwa timu ya jeshi la Uganda, iliyofika hata fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972. Mtaniuliza, jeshi na mpira wapi na wapi? Siku hizo klabu nyingi zilikuwa za waajiri. Jeshi lilikuwa na timu yake, na polisi, magereza, manispaa na benki vilevile. Kijana mwenye kipaji aliandikishwa kazi, akalipwa mshahara kama askari au karani, na jioni akaenda mazoezini. Hali ya timu ilitegemea hali ya mwajiri. Likumbukeni hilo, maana tutalirudia.

Rais alikuwa Idi Amin, mwanajeshi aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka wa kusini na kuiteka ardhi ya Tanzania huko Kagera, yakaua watu, yakaiba ng'ombe, yakalipua daraja la Kyaka. Katikati ya balaa hilo Amin akatoa wazo: yeye na Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, refa awe Muhammad Ali! Mwalimu hakuwa na muda wa mzaha. Tanzania ikakusanya jeshi, ikawafukuza wavamizi, ikaingia Uganda pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Vita havikukaa mbali na kwetu, huku mashariki mwa Uganda. Machi 1979, mwaka mmodi tu baada ya shangwe za Ghana, wapiganaji waliotoka upande wa Kenya waliivamia kambi ya jeshi ya Tororo, na baadhi ya askari waliokuwa ndani wakageuka kuwaunga mkono. Baada ya siku chache watu wa Amin wakaurudisha mji mikononi mwao. Hebu fikirini: mtaa ambao mwaka jana watu walijazana kwenye redio kusikia Omondi amefunga, mwaka huu wanatega sikio kujua risasi zinalia upande gani.

Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Amin akakimbia, jeshi lake likasambaratika.

Na mpira? Ligi ya 1979 ilipata bingwa wake, mwaka huohuo wa vita. Lakini kombe halikubaki kwa askari, lilikwenda kwa UCB, timu ya benki. Mwajiri wa Simba, lile jeshi lenye vifaru na ndege, hakuwepo tena. Makarani wakawa mabingwa.

Upande wa Tanzania nako mpira uliendelea. Agosti 1979, askari wao wakiwa bado Uganda, Taifa Stars, timu yao ya taifa, walitoka sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola kwa bao la Peter Tino, na Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1980 walicheza Lagos, wakaambulia pointi moja.

Sasa chukueni vijiti mhesabu. Uganda, baada ya 1978, ilirudi kwenye kombe hilo 2017. Tanzania, baada ya 1980, ilirudi 2019. Kila mmoja miaka 39! Aliyeshindwa vita na aliyeshinda vita wamekaa nje muda uleule. Siwaambii kwamba kosa lote ni la vita. Mpira huangushwa pia na viwanja vibovu, uongozi mbaya na mifuko mitupu. Lakini vita vilikula fedha za nchi zote mbili, na ushindi wa vitani haukumpa mtu hata kona moja uwanjani.

Tanzania ilipofuzu 2019, ilifuzu kwa kuifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam. Uganda ilikuwa imeshafuzu, basi zote mbili zikaenda Misri. Na kombe la 2027 wamepewa Uganda, Kenya na Tanzania waliandae pamoja. Ugomvi wa namna hiyo, wajukuu, una refa na dakika 90, na kesho yake mnaweza kurudiana.