Ugonjwa wa Alzheimer: Kwa Nini Vifo Vimeongezeka?

Watu wengi hudhani kwamba kusahau ni sehemu ya uzee tu, wala hakuwezi kumuua mtu. Dhana hiyo si sahihi. Mwezi huu tutaeleza jinsi ugonjwa wa Alzheimer unavyoua, na yale tunayoweza kujifunza kutokana na takwimu za Marekani, ambako vifo vyake vimehesabiwa kwa miaka mingi.

UGONJWA HUU NI NINI?
Ni ugonjwa wa ubongo. Aliyeueleza kwanza, mwaka 1906, ni daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Protini za namna mbili hurundikana katika ubongo, na seli zake hufa kidogo kidogo. Mgonjwa huanza kwa kusahau mambo ya karibuni na kurudia swali lile lile. Baadaye hupotea katika njia aliyoizoea, na huweza kushindwa kuwatambua wanawe. Mwishowe hawezi kutembea wala kumeza vizuri.

UNAUAJE?
Mgonjwa asiyemeza vizuri hupaliwa. Chakula au mate huingia mapafuni na kuleta kichomi. Asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda, na vijidudu huweza kupita humo na kuingia katika damu. Wengine hukonda na kupungukiwa maji mwilini. Akifa, jamaa husema ameuawa na kichomi, kumbe chanzo kilikuwa ubongoni.

TAKWIMU ZASEMAJE?
Mwaka 1999 Marekani iliandikisha vifo 44,536 vya Alzheimer. Mwaka 2014 vilikuwa 93,541, yaani zaidi ya mara mbili. Sababu moja ni kwamba wazee wameongezeka. Lakini hata wataalamu walipoondoa tofauti hiyo ya umri katika hesabu, vifo vilipanda kutoka 16.5 hadi 25.4 kwa kila watu 100,000.

Zipo sababu nyingine. Kwanza, vifo vya ugonjwa wa moyo na kiharusi vilipungua, hivyo watu wengi zaidi waliishi hadi umri ambao Alzheimer hushambulia. Pili, ugonjwa ulianza kutambuliwa mapema zaidi. Tatu, madaktari walizidi kuutaja katika vyeti vya vifo, badala ya kuandika kichomi peke yake.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, vifo vya Alzheimer nchini humo vilifika 134,242, kutoka 121,499 mwaka uliotangulia. Mwaka 2021 vilishuka hadi 119,399.

Jambo jingine latugusa sisi wauguzi. Mwaka 1999, wagonjwa 13.9 katika kila 100 waliokufa kwa Alzheimer huko walifia nyumbani. Mwaka 2014 walikuwa 24.9. Maana yake mzigo wa uuguzi ulizidi kuwaangukia jamaa.

JE, NI UGONJWA WA WAZUNGU?
La hasha. Uchunguzi uliofanyika vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, uliwakuta wazee wenye maradhi ya kupoteza akili, ambayo Alzheimer ni mojawapo. Basi, pale vyeti visipoutaja ugonjwa huu tusidhani haupo. Huenda umefichwa chini ya jina la kichomi au la uzee. Vibaya zaidi, mzee huweza kuitwa mchawi kwa sababu tu anazurura usiku na kusema peke yake.

TUFANYE NINI?
1. Mzee akianza kusahau, apelekwe hospitali. Msonono, upungufu wa vitamini B12 na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huleta usahaulifu, na hutibika.
2. Alishwe akiwa ameketi wima, kwa tonge ndogo, bila haraka, na abaki ameketi kwa muda baada ya kula.
3. Ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, na ngozi yake iwe safi na kavu.
4. Asigombezwe kwa kusahau. Hafanyi makusudi.
5. Anayemuuguza apokewe zamu. Naye huchoka.
6. Shinikizo la damu na kisukari vitibiwe mapema, na tumbaku iachwe. Hatua hizi hupunguza hatari ya kupoteza akili uzeeni.

Hadi leo hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa wa Alzheimer. Hata hivyo, kumlisha mgonjwa vizuri na kumgeuza kwa wakati humpunguzia mateso, na kazi hiyo kila nyumba inaweza kujifunza.