Goma: Diplome mkononi, mwavuli kichwani. Kwa nini tunaona haya kuonekana tulivyo?

Tangu mwanzo wa 2025, wakaaji wengi wa Goma na Bukavu wamepoteza kazi. Vita vilifika mjini, benki zikafunga milango, na mashirika mengi ya misaada yakarudisha watu nyumbani baada ya Marekani kusimamisha pesa zake mwezi wa kwanza mwaka huo. Hasara ya mshahara inahesabika kwa dola. Kuna hasara nyingine isiyohesabika: mtu hajui tena ajionyeshe namna gani mbele ya wenzake.

Kila mkaaji wa Goma anamjua baba wa namna hii. Saa moja asubuhi anatoka nyumbani, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, begi la kompyuta mgongoni. Majirani wanamsalimu "Shefu". Kumbe ofisi yake ilifungwa zamani. Anakwenda kukaa kwa rafiki mpaka jioni, halafu anarudi akisema kazi ilikuwa nyingi. Watoto wanajua. Mama wa watoto anajua zaidi, maana ndiye anayekwenda kukopa unga. Lakini hakuna anayesema.

Si yeye peke yake. Kuna dada aliyemaliza masomo ya uchumi na anayeuza mikate, lakini katika mtaa ambako hakuna anayemjua. Kuna motari mwenye diplome ya sheria ambaye hafungui kofia ya chuma anapombeba mtu waliyesoma pamoja. Na wengi wetu tuna picha kwenye simu, tumesimama kando ya gari ambalo si letu.

Mimi pia nilipita hapo. Nilipomaliza masomo ya uandishi wa habari, nilikaa miezi mingi bila kazi. Mwishowe nikafungua kabini: meza ndogo, mwavuli, kuuza unite na kutuma pesa kwa simu. Kila mwanafunzi wa promosyon yangu alipopita, nilijiinamisha chini ya meza kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Kwenye kundi letu la WhatsApp niliandika kwamba niko "kwenye utafiti". Nilikuwa natafuta chenji.

Kwa nini tunafanya hivi? Wataalamu wa saikolojia na wa elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ukumbini na jikoni

Erving Goffman, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyezaliwa Kanada, alikaa kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, kati ya 1949 na 1951. Alitazama namna wafanyakazi wa hoteli moja walivyobadilika. Ndani ya chumba cha kulia wageni walikuwa wapole na wenye adabu. Walipovuka mlango wa jikoni, sauti, mwendo, hata lugha viligeuka. Katika kitabu chake kilichojulikana sana tangu 1959, alisema maisha ya watu yanafanana na mchezo wa jukwaani: kuna mahali pa kujionyesha na kuna mahali pa kupumzika, ambako mtu anavua sura ile.

Goffman hakusema kwamba watu ni waongo. Alisema kila mtu anasaidia mwenzake kulinda uso wake. Ndiyo maana majirani wanaendelea kuita "Shefu" hata kama wameshafahamu. Ni heshima.

Na kwetu sura ya nje si upuuzi. Mwenye duka anakopesha sabuni mtu anayeonekana kama atalipa. Wenzako wa likelemba wanakuweka wa kwanza kupokea kwa sababu wanakuamini. Kwa miaka mingi jileti ya ONG ilikuwa mjini Goma kama kitambulisho cha pili: ilifungua milango, ilipata deni, hata ilisaidia kijana kukubaliwa na wakwe. Anayeivua anapoteza mshahara na pia neno lake sokoni. Kwa hiyo yule baba wa shati safi hajawa mwendawazimu. Analinda mtaji.

Mtaalamu wa Marekani Mark Leary alieleza jambo hili miaka ya 1990. Kwa maoni yake, kujithamini ni kama sindano inayoonyesha mafuta kwenye moto. Sindano si mafuta yenyewe. Inaonyesha tu kiasi gani wengine wanatukubali. Inaposhuka, moyo unaumia ili tufanye kitu kabla ya kuachwa peke yetu.

Shida inaanza pale mtu anapoishika sindano kwa kidole ili isishuke, na tangi linazidi kukauka.

Neno linamrudia aliyelisema

Mtu huwaza: "Nitadanganya wiki mbili tu, mpaka nipate kazi." Jaribio moja la 1959 linaonyesha kwa nini si rahisi.

Leon Festinger na James Carlsmith, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kwa saa nzima: kujaza vibobina kwenye sinia na kuvitoa, halafu kugeuza vigingi vidogo kimoja kimoja, bila faida yoyote. Kisha wakawaomba wamwambie mtu aliyengoja nje kwamba kazi ile ni nzuri sana. Wengine walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20.

Baadaye kila mmoja aliulizwa alivyoiona kazi kwa kweli. Waliopewa dola 20 walisema haikuwa na utamu wowote. Waliopewa dola 1 ndio waliosema ilikuwa ya kupendeza.

Festinger alieleza hivi: binadamu hapendi maneno yake na mawazo yake yapigane. Aliyelipwa dola 20 ana sababu ya kujiambia, "nilidanganya kwa ajili ya pesa". Wa dola 1 hana sababu hiyo. Neno limeshatoka mdomoni na haliwezi kurudi, basi anageuza wazo lifanane na neno.

Nilijiona humo. Baada ya miezi michache ya kuandika "niko kwenye utafiti", nilianza kukataa kazi ndogo nilizoitiwa, eti mtu wa utafiti hafanyi vile. Nilikuwa nimewadanganya wenzangu, lakini aliyekaa na njaa kwa ajili ya uongo ule ni mimi.

Hesabu ya William James

Mwaka 1890, mwanafalsafa wa Marekani William James aliandika hesabu fupi: kujithamini ni mafanikio yakigawanywa kwa madai. Alijitolea mfano yeye mwenyewe. Kwa kuwa alijidai mtaalamu wa saikolojia, aliona haya akimkuta mtu anayeijua kumshinda. Lakini kutojua Kigiriki hakukumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakudai kukijua.

Tuilete hesabu hiyo Goma. Vijana wawili wanapata faranga zilezile kwa siku. Wa kwanza hakusoma sana, alidai tu kujilisha: jioni anarudi kichwa juu. Wa pili familia iliuza ng'ombe ili asome, na kijijini wanamwita "mheshimiwa". Kwa faranga zilezile, yeye analala na uchungu. Mfuko ni mmoja, madai ndiyo tofauti. Na mara nyingi madai hayo hakuyaandika yeye. Yaliandikwa na baba, na wajomba, na siku ile ya kurushiwa unga kwa furaha ya diplome.

Je, dawa ni kusimama mbele ya kioo na kujisifu? Jimbo la California lilijaribu njia ya namna hiyo: mwaka 1986 liliunda tume ya serikali ya kuinua kujithamini kwa raia. Mwaka 2003, Roy Baumeister na wenzake watatu walipitia tafiti nyingi juu ya jambo hili. Waliona kwamba kuinua tu kujithamini hakuleti alama nzuri shuleni. Mara nyingi kufaulu ndiko kunakotangulia, na kujithamini kunafuata. Kwa maneno ya mtaani: shika kwanza jembe, sifa itakukuta shambani.

Macho tunayoyaogopa

Tunajificha kwa sababu tunadhani mji mzima unatutazama. Mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la kuchekesha. Mwanafunzi alivalishwa tisheti yenye uso wa mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wale waliona haya kumvaa. Kisha akaingizwa ndani ya chumba chenye wenzake. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wametambua uso ule. Kwa kweli ni karibu robo tu.

Wengine wote walikuwa na mambo yao. Hata pale kwenye kabini, watu tisa kati ya kumi wanaopita wanawaza ada ya shule na bei ya makala.

Hatua ndogo

Kama maneno yanaweza kutufunga, yanaweza pia kutufungua. Mwaka 1966, huko California, Jonathan Freedman na Scott Fraser waliwaomba wenye nyumba waweke mbele ya nyumba zao kibao kikubwa, kibaya, cha kuhimiza watu waendeshe gari kwa uangalifu. Walioombwa moja kwa moja, chini ya 17 kati ya 100 walikubali. Lakini waliokwisha kukubali, wiki mbili kabla, kubandika karatasi ndogo yenye ujumbe huohuo, 76 kati ya 100 walikubali kibao kikubwa. Tendo dogo liliwafanya wajione kuwa watu wa namna ile.

Kwa hiyo si lazima kuutangazia mtaa mzima kwamba umepoteza kazi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kesho, fanya kazi ndogo mahali ambapo mtu mmoja anakujua. Mtaalamu mwingine, Claude Steele, alieleza mwaka 1988 kwamba mtu akikumbuka jambo jingine analoliheshimu ndani yake, kama vile imani, malezi ya watoto au uaminifu wake, haoni tena lazima ya kupigania kila pigo linalomgusa. Aliyepoteza ofisi bado ni baba, bado ni shemasi, bado ni mtunza hesabu wa likelemba.

Na familia nazo zina sehemu yao. Mama anayemwuliza mwanawe kila jioni "wamekuita?" anamfundisha kusema uongo. Anayemwuliza "leo umefanya nini?" anampa nafasi ya kusema kweli.

Mimi nilitoka chini ya meza kwa bahati. Siku moja alisimama mbele ya mwavuli wangu mwanafunzi wa promosyon yetu, yule tuliyemwona kwenye simu akiwa amevaa koti kila wiki. Sikuwahi kuinama. Alinunua unite ya faranga 500, akatazama kushoto na kulia, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi ya kuweka meza ya pili pale kando.

Tulipima. Nafasi ilikuwapo.